Mjerumani Hakuacha Ndege Tandale

Wanachuo wenzangu, kama umekulia uswahilini hapa Dar es Salaam, habari za mali ya Mjerumani umezisikia kabla hujajua kusoma. Kila mtaa una toleo lake. Wapo wanaosema ni sanduku la dhahabu chini ya mbuyu, wapo wanaosema ni handaki lenye magari. Kwetu Tandale, upande wa kwa Mtogole, toleo linalotamba ni la ndege. Inasemwa kwamba Mjerumani alipokuwa anaukimbia mji mwaka 1916 alifukia ndege ya vita nzima nzima, imepakwa mafuta na kufungwa turubai, si mbali na Mto Ng'ombe. Siku itakapopatikana, aliyeipata atawauzia Wazungu na kuhama Tandale jioni hiyo hiyo.

Zamani ilikuwa stori ya kijiweni tu, ya kusukumia kahawa. Mwaka huu imeanza kula hela. Kuna jamaa wamekuja na kifaa cha kupima chuma ardhini, na kuna mchango wa elfu hamsini kwa kila anayetaka kuwa na hisa. Mjomba wangu amechanga kutoka kwenye fungu la kikoba. Bumu lilipotoka, simu zikaanza kuja kwangu pia. Mimi nasomea ualimu na somo langu ni historia, kwa hiyo nilimjibu mjomba kwa heshima kwamba kabla sijatoa hata shilingi mia, nataka kwanza kumjua huyo Mjerumani: alikuwa nani, alikuwa na nini, na alibakiwa na nini cha kuficha.

Wazee wakisema Mjerumani huwa kama wanamtaja mtu mmoja. Kwa vita ile, kama ni mtu mmoja, basi ni Paul von Lettow-Vorbeck.

Kabla ya Dar es Salaam

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, na mtoto akapelekwa shule za kijeshi mapema. Mwaka 1900 alitumwa China, mataifa ya Ulaya yalipokwenda kuzima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 akapelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, akiwa ofisa chini ya Jenerali Lothar von Trotha.

Hapo ndipo vitabu vingi vya kumsifu hupita haraka. Von Trotha ndiye aliyeamuru Waherero wafukuzwe jangwani na visima vizibwe, na baadaye Wanama wakapata yao. Leo Ujerumani yenyewe inakubali kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari. Lettow alikuwa katika jeshi hilo. Mwaka 1906 alijeruhiwa katika mapigano na Wanama, na jicho lake la kushoto likaharibika. Tunapomsoma kama shujaa wa vita vya porini, tukumbuke kwamba somo la kwanza la vita vya Afrika alilipatia huko.

Alishuka bandari ya Dar es Salaam Januari 1914, akiwa Luteni Kanali, kushika jeshi la koloni lililoitwa Schutztruppe. Lilikuwa na maofisa na askari wa Kijerumani wapatao 260, na askari Waafrika kama 2,500, katika kombania 14. Gavana, Heinrich Schnee, alitaka koloni likae nje ya vita kama vita vikitokea Ulaya. Lettow alitaka kinyume chake: kwa hesabu yake, kila Mwingereza anayemkimbiza huku ni Mwingereza aliyekosekana kwenye mapigano ya Ufaransa. Koloni na watu wake walikuwa chambo katika hesabu hiyo.

Ndege ya kwanza, na ya pekee

Sasa tuje kwenye ndege, maana ndiyo inayotutoa hela. Stori ya Tandale haikutoka hewani. Ndege ya Mjerumani ilikuwepo kweli Dar es Salaam.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, na serikali ya koloni ikaandaa maonyesho makubwa ya kusherehekea, yafanyike hapa mjini Agosti mwaka huo. Miongoni mwa walioalikwa na mkono wa bahati alikuwa Bruno Büchner, bingwa wa zamani wa mbio za baiskeli aliyegeuka rubani. Alileta ndege ya mabawa mawili kwa ajili ya kuwafurahisha watu. Badala ya maonyesho vikaja vita. Tarehe 8 Agosti meli ya Kiingereza ilipiga mnara wa simu za upepo hapa Dar es Salaam, na ndege ya Büchner ikachukuliwa na jeshi.

Haikufika mbali. Büchner alijeruhiwa, na ofisa aliyeishika baada yake akaanguka nayo na kufa hapa hapa mjini kabla mwaka haujaisha. Injini haikuwa na vipuri, na vipuri vingetoka Ujerumani wakati bahari imefungwa na Waingereza. Vita vilivyobaki, miaka minne, Lettow alipigana bila jeshi la anga.

Zingatia pia ndege ya wakati ule ilikuwa kitu gani. Si bati na alumini. Ni fremu ya mbao, kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ili kikaze, nyaya za kuvutia, na injini moja. Sisi wa Tandale tunajua mchwa wanaufanya nini mlango wa mbao kwa masika mawili, na tunajua Mto Ng'ombe ukifura unafanya nini. Ndege ya mwaka 1914 ukiifukia pale, kufikia 1920 umebakiwa na injini yenye kutu na kamba za waya. Kile kifaa cha kupimia kinalia kwa sababu ardhi ya Tandale imejaa misumari, vipande vya bati na ndoo mbovu za miaka sabini.

Ndege za Rufiji

Ndege nyingine zilizoruka pwani yetu zilikuwa za Waingereza, na kilichozileta ni meli. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Waingereza waliziba midomo ya mto lakini hawakuweza kuiona. Wakamkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, na ndege yake ya majini. Siku ya kwanza kuruka, Novemba 1914, alipotea na kutua kwenye kisiwa. Baadaye aliiona meli. Desemba injini ikamzimikia juu ya delta, akatua majini na kutekwa. Waingereza waliivuta ndege ikatoka, Cutler akabaki mateka.

Mwaka 1915 waliiteka Mafia, wakaweka uwanja wa ndege kule, na ndege zikawa zinaelekeza mizinga ya meli mbili fupi, Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai 1915 ndege ya mwelekezaji ilipigwa ikaangukia mtoni, marubani wakaokolewa, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Wajerumani waliivunja Königsberg wenyewe kwa baruti. Gamba lake lilionekana mtoni kwa miaka mingi kabla tope halijalimeza.

Kwa hiyo mzee wa Rufiji anayesimulia kwamba babu yake aliona ndege ikianguka hasemi uongo. Stori zinaposafiri kwa mashua na lori kuja mjini, zinabadilika mwenye ndege, mahali na mwaka.

Angalia sasa Lettow alifanya nini na meli iliyokufa. Aliifukia? Alitoa mizinga yake yote kumi, ikavutwa na mamia ya watu kwa kila mmoja kupita mikoko na mchanga hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu kwenye karakana ya reli, ikaenda vitani nchi kavu. Ule uliopo Fort Jesus, Mombasa, ni mmojawapo. Tabia yake yote ya vita ni hiyo: kitu hakifichwi, kinatumika mpaka kiishe.

Mtu asiye na cha kuficha

Ushindi uliompa jina ni wa Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, yeye alikuwa na kama 1,000. Waliposhindwa na kurudi melini waliacha mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi kama 600,000. Lettow alizivisha kombania zake. Meli mbili tu ndizo zilizopenya na shehena kutoka Ujerumani, moja karibu na Tanga mwaka 1915 na nyingine Sudi, Lindi, mwaka 1916. Mengine waliyabuni: kwinini ya magome ya mti kutoka Usambara, viatu vya ngozi za nyumbani, matairi ya mpira wa mashambani. Kwinini hiyo ya kuchemsha ilikuwa chungu kiasi kwamba wanajeshi waliipa jina la kamanda wao.

Na dhahabu? Ipo iliyotengenezwa kweli. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli Tabora, ziligongwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi kidogo ya 16,000. Lakini sarafu zilitengenezwa ili zilipe watu, kwa sababu noti zao watu walianza kuzikataa. Zilitawanyika mikononi mwa watu, na leo wanazo wakusanyaji wa sarafu duniani.

Dar es Salaam ilianguka tarehe 4 Septemba 1916, jeshi la Jenerali Jan Smuts likiwa tayari limeshuka kutoka Kilimanjaro na ndege za kweli juu yake. Lettow alikwenda kusini. Oktoba 1917 alipigana Mahiwa, nyuma ya Lindi, vita vya siku nne vilivyoua watu wengi pande zote mbili. Alishinda, lakini risasi zilikuwa zinamwishia.

Hapo ndipo Berlin ilipomtumia ndege. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha angani L59, Zeppelin ndefu kama puto lenye injini, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, na tani kama 15 za risasi na dawa. Hakikupangwa kurudi. Kikifika kingevunjwa vipande: kitambaa kiwe mahema na nguo, mifupa ya bati iwe minara. Kilivuka Misri, kikafika Sudani, kisha redio ikakiita kirudi kwa sababu hali ya Lettow ilionekana kuwa mbaya mno. Kilitua Jamboli tarehe 25 Novemba baada ya saa 95 hewani na safari ya kilomita zaidi ya 6,700. Siku hiyo hiyo Lettow alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akawapiga Wareno pale Ngomano na kuchukua bunduki zao. Aprili 1918 L59 iliungua na watu wake wote karibu na Italia.

Nilimwambia mjomba: hii ndiyo ndege ya Mjerumani iliyobaki kwenye midomo ya watu. Ilitakiwa ije na haikuja. Na hata ingekuja, mpango ulikuwa kuivaa.

Habari ya mwisho wa vita ilimfikia tarehe 14 Novemba 1918, kaskazini mwa Zambia ya leo. Alikabidhi silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba. Alikuwa na Wajerumani 155, askari 1,168, na wapagazi zaidi ya elfu moja na mia tano. Silaha zilizowekwa chini karibu zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno, na mzinga uliobaki ulikuwa mmoja, wa Kireno. Mtu ambaye mwishoni hana hata bunduki ya kwao, ndege ya kuzika Tandale angeitoa wapi?

Waliobeba

Nikisoma haya yote, swali langu lilihama. Mizinga ya Königsberg ilivutwa na nani? Risasi za Tanga zilifika Mahiwa vipi, wakati mbung'o waliua punda na farasi wote?

Zilibebwa kichwani. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60, kama kilo 27. Mpagazi anakula karibu kilo moja ya unga kwa siku, kwa hiyo akitembea wiki tatu amekula karibu mzigo wake wote, na anahitajika mwingine wa kumbebea yeye. Ndiyo maana majeshi yale yaliwazoa watu kama kokoto. Upande wa Waingereza peke yake, waliokufa wanakaribia laki moja, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa, sio kwa risasi. Upande wa Lettow wapagazi waliokufa hawakuhesabiwa. Jeshi lake lilikula vyakula vya vijiji lilivyopita, na kule Ugogo njaa ya miaka hiyo ina jina lake mpaka leo, Mtunya.

Sisi wa Dar es Salaam tunawataja watu hao kila siku bila kujua. Waingereza walipouchukua mji, eneo la soko lililojengwa na Wajerumani walilifanya kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Ulimi wetu ukaifanya Kariakoo. Ukipanda daladala ya Kariakoo umetaja jina la kikosi chao. Na sanamu ya Askari iliyopo Posta tangu 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi pia, ingawa aliyesimama juu ameshika bunduki.

Hesabu ya mwisho

Lettow alirudi Ujerumani akapokewa kwa gwaride Berlin, Machi 1919. Mwaka 1920 alijiunga na jaribio la Kapp la kuipindua serikali changa ya jamhuri, likashindwa, akafukuzwa jeshini. Alikuwa mbunge wa chama cha kihafidhina kuanzia 1928 hadi 1930. Vita vya pili vilichukua wanawe wa kiume na nyumba yake, na kwa muda aliishi kwa vifurushi vya chakula vilivyotumwa na wale waliokuwa maadui zake, Smuts akiwemo. Mwaka 1953 alikuja kututembelea, na askari wake wa zamani walimpokea. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akiwa na miaka 93.

Mwaka huo huo serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa hai mshahara wa vita ambao haukulipwa. Inasimuliwa kwamba mamia walifika Mwanza, wengi hawana karatasi, na mhasibu akawa anampa kila mmoja ufagio na kumpa amri za gwaride kwa Kijerumani. Walizikumbuka zote. Wapagazi hawakuwemo kwenye malipo. Mpagazi hakufundishwa gwaride, kwa hiyo hata ufagio usingemsaidia.

Wapo watakaoniambia kwamba kutafuta si dhambi, na duniani watu wametafuta. Kweli. Huko Burma, mkulima mmoja Mwingereza aliamini kwa miaka mingi kwamba ndege za Spitfire, tena za bati, zilifukiwa kwenye masanduku mwaka 1945. Alipata mfadhili, wakachimba karibu na uwanja wa ndege wa Yangon mwaka 2013. Hakukuwa na ndege. Tofauti ni kwamba kule iliungua hela ya kampuni. Tandale inaungua hela ya kikoba, ambayo ni ada ya mtoto, kodi ya chumba na mtaji wa maandazi.

Kwa hiyo kama kuna anayekuchangisha huko hosteli, muulize maswali matatu: ndege ya aina gani, ilitoka wapi, na nani aliyeiandika. Na ninyi mnaokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka huu Rufiji, Lindi, Mtwara, Mahenge au Dodoma, nina ombi. Ulizeni wazee majina ya babu zao waliochukuliwa kubeba mizigo, walichukuliwa kijiji gani na kama walirudi. Waandikisheni wanafunzi wenu kwenye daftari, jina na kijiji. Waliozaliwa na wale wapagazi wengi wameshaondoka, na wajukuu nao ni wazee. Hao ndio Mjerumani na Mwingereza waliowaacha ardhini mwetu kwa maelfu, na kuwatafuta hakuhitaji kifaa wala mchango wa elfu hamsini.